Mkono wa Kushoto wa Fundi

Ukimwita kwa jina la mzee, alikuwa hageuki. Ungemwita mpaka wauza vitenge wa upande wa pili wakusikie, naye angeendelea kukoroga rangi kwenye mkebe wake kana kwamba unamwita mtu wa Uganda.

"Mzee ni mtu yeyote ameota mvi," aliniambia siku niliyokosea. "Hata beberu ako na ndevu nyeupe. Mimi niite Fundi. Fundi ni mtu amefanya kitu."

Basi nikamwita Fundi, kama watu wote wa Busia walivyomwita. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu likisomwa kanisani, na nikadhani wanamtaja mgeni.

Kibanda changu cha kusuka nywele kinatazamana na stoo kubwa ya mahindi, kwenye njia ya kuelekea mpakani. Fundi aliweka mikebe yake ubavuni mwa stoo hiyo. Nikikosa mteja nilivuka barabara nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikimwangalia. Shule niliiachia kidato cha pili, na hata huko madaftari yangu yalikuwa na picha nyingi kuliko hesabu. Nilimwambia kwamba siku moja nitachora kila ukuta kutoka Malaba hadi Sigalame, watu wasafiri wakiangalia picha kama wanaoangalia sinema.

Akafikiria kidogo. "Anza na mlango wa hicho choo," akasema.

Nikauchora. Nilichora jogoo. Alikuja akautazama, akasema jogoo wangu anafanana na mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, lakini miguu iko sawa. Nilifurahi wiki nzima kwa sababu ya ile miguu.

Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kidole chake cha kati kilikuwa kimepinda na hakikunyooka tena tangu ubao wa nyuma wa lori ulipokiangukia kule Malaba. Brashi ililala kwenye ule mpindo kama kuku kwenye kiota chake. Watu walidhani kidole kile kingemharibia kazi, kumbe ndicho kilichoishika. Herufi zake zote ziliegemea kushoto kidogo, na mpaka leo nikipita mbele ya duka la zamani najua kama ni yeye aliyeandika bango.

Huko Malaba alichora malori. Madereva walikaa kwenye foleni ya kuvuka mpaka hadi wakajuana na mbwa wa pale kwa majina, na wakichoka walimwita awachoree kitu nyuma ya gari. Dereva mmoja alitaka simba. Fundi akamchorea simba mwenye macho mekundu ya usingizi, kichwa amekilaza juu ya miguu ya mbele.

"Fundi, huyu simba ni mgonjwa," dereva akalalamika.

"Si mgonjwa. Ako kwa foleni."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Wenzake wakaja kuona, na kabla foleni haijasonga malori mengine kadhaa yalikuwa na simba waliochoka. Fundi alisema hivyo ndivyo picha inavyosema jambo ambalo mdomo ukilisema utafukuzwa: kila mkubwa aliyeyapita yale malori aliona simba tu, na kila dereva alijiona mwenyewe.

Alikuwa na sheria zake za kuchora, na alizifuata kuliko watu wanavyofuata za barabarani. Mtu anayeonewa lazima apewe uso. Apewe macho, kovu lake, jino lake lililovunjika, ili anayepita aseme, huyu namjua. Mtu anayeonea hapewi uso. Anapewa mkono tu, mkubwa, unaotokea ukingoni mwa picha, na hujui unatoka kwa nani.

"Kwa nini usimwoneshe?" nilimuuliza.

"Nikimwonesha, watu watamchukia huyo mmoja na wasahau wengine. Na yeye akihamishwa, picha yangu imekwisha."

Sheria nyingine ilikuwa ya ukubwa. Aliwahi kumchora mama muuza samaki akiwa mkubwa kuliko lori, na mwenye duka akalalamika kwamba hakuna mwanamke wa namna hiyo. Fundi akamjibu, "Kwa barabara lori ndiyo kubwa. Hapa ni kwangu."

Na ya tatu, ambayo watoto wote wa mtaa waliijua, ni ya rangi nyekundu. Nyekundu haikupakwa ovyo. Ilikuwa na mkebe wake na brashi yake, na aliitumia kwa kitu kimoja tu: kitu kilichonyang'anywa. Ukiona mbuzi mwekundu kwenye picha yake, jua kuna mtu kanyang'anywa mbuzi. Ukiona jembe jekundu, kuna shamba lililokwenda na mwenyewe analia. Wamama waliotoka sokoni walisimama mbele ya ukuta wakasoma kama gazeti. Wengine hawakujua herufi hata moja.

Kanisa moja lilimwomba achore karamu ya mwisho. Akawachora wanafunzi wote mezani, wamekaa vizuri, na pembeni akaacha kiti kitupu kilichopakwa nyekundu. Padri akauliza kile kiti ni cha nani.

"Ni cha mama aliyepika," Fundi akasema. "Hakuna mtu alimwambia akae."

Padri akaacha picha ibaki. Nasikia wamama wa kanisa lile hukaa upande ule mpaka sasa.

Lakini msidhani alikuwa mtu mpole. Ombaomba akimkaribia alimfukuza kwa fimbo ya kukorogea rangi. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa hasalimii mtu; ungemwambia mulembe akakutazama kama umemtukana. Nilimwazima kitana akakirudisha na rangi ya kijani, nikamwazima kingine hakukirudisha kabisa. Nilijiambia kwamba upole wake wote ameumalizia ukutani, umekwisha huko. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kitu alichochukia kuliko dhuluma yenyewe, sasa ninavyofikiria, kilikuwa kazi mbaya. Kuna mwenye bucha aliyemtukana mbele ya watu, akamwambia kazi yake ni ya walevi. Fundi akaondoka. Kesho yake alfajiri nilimkuta juu ya ngazi, kwenye bucha ile ile, anarekebisha herufi moja iliyokuwa imekaa vibaya.

"Si alikutukana?"

"Matusi ni yake. Hii herufi ni yangu."

Na siku nyingine kijana mmoja alipaka kibanda cha mitumba rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, bila kupiga msasa kwanza. Mvua ya kwanza ilipokuja, ile rangi ilivimba, ikaachia, ikaning'inia kwenye mabati kama shati lenye maji. Fundi alicheka mpaka machozi, kisha akaniita nisogee.

"Angalia vizuri, Nafula. Ya maji juu ya ya mafuta bila msasa ni kofia tu. Mvua ikipiga, inavuliwa. Ukitaka ikae, lazima ukwaruze ile ya chini mpaka iumie, halafu uweke andakoti, ile rangi ya chini ya kushikilia."

Niliyashika maneno hayo kichwani kama sala.

Sasa niseme habari ya ukuta wa stoo.

Emojong ni mfanyabiashara asiyetumia miguu. Huvuka mpaka na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, amejaza mafuta ya kupikia na biskuti chini ya kiti. Siku moja wanaume wa kizuizi, ambao hata leo sijui walitumwa na ofisi gani, walimshusha chini wakaichukua ile baiskeli. Wakamwacha ameketi mchangani jua lote, karibu na mtaro, na watu wanapita.

Wamama wa mayai walipatwa na hao hao. Mama yangu ni mmoja wao. Huleta mayai kutoka ng'ambo, trei juu ya trei kichwani, na wale wanaume walikuwa wakiona mwenye trei hana hongo ya kuwapa, wanaigusa kidogo tu kwa chini. Kuigusa tu. Mayai yanajimaliza yenyewe.

Fundi alichukua mikebe yake. Alipanda ngazi kwenye ukuta wa stoo ya mahindi na akakaa huko siku kadhaa, hata chai tukampandishia juu. Aliposhuka, Busia yote ilikuwa barabarani. Alikuwa amemchora Emojong ameketi chini, mkubwa kama nyumba, macho yake yanakufuata ukienda kulia na ukienda kushoto. Juu yake ilining'inia baiskeli nyekundu. Nyuma yake wamama wamejipanga, kila mmoja na uso wake, na nyayo zao zimechorwa kwa makini mpaka zile nyufa za kisigino. Mama yangu alikuwa wa mbele, na kovu lake juu ya jicho, na trei nyekundu. Na kutoka ukingoni uliingia mkono. Mkono tu.

Mama alisimama hapo muda mrefu. "Kumbe mimi ni mzuri," akasema, halafu akaona aibu akaondoka haraka.

Ile baiskeli ilirudi. Hakuna aliyeileta mchana. Emojong aliikuta imeegeshwa nje ya nyumba. Na wale wanaume wakaacha kusimama kwenye njia ile, kwa sababu kila waliposimama watoto walinyoosha kidole ukutani kisha wakawanyooshea wao. Mayai yakapita. Mama yangu akaanza kuimba tena akitembea. Mimi nikasema, basi, ndiyo hii kazi nitakayoifanya maisha yangu yote.

Kisha nikaitwa Khunyangu kusuka bi harusi na wasichana wake. Nilikaa huko siku mbili. Niliporudi jioni ya pili nilikuta watu wamesimama mbele ya stoo. Ukuta wote ulikuwa umeshakuwa wa buluu. Juu ya ngazi alikuwa Fundi mwenyewe, mkono wake wa kushoto unakwenda na kurudi, na wamama hawaonekani tena hata mmoja.

"Fundi, unafanya nini?"

"Napaka."

"Unapaka nini?"

"Si unaona."

Ilikuwa kampuni ya sabuni. Walikuwa wamemwomba mwenye stoo ukuta wake, naye akakubali, na wakatafuta fundi, naye akakubali. Mama yangu alifika na trei kichwani. Akatazama mahali pake palipokuwa.

"Fundi," akamwita taratibu, "mimi niko hapo chini?"

"Wewe uko hapo umesimama, mama," Fundi akajibu, na hakugeuka.

Emojong alikuwa hapo pembeni. Aligeuza baiskeli yake akaenda.

Nami ningelia pale pale, ila niliona mkebe. Ilikuwa rangi ya maji. Ule ukuta wa wamama ulikuwa wa rangi ya mafuta, nilijua, nilimkorogea mwenyewe. Mvua ingeivua. Nikamtazama Fundi, nikamkonyeza. Alinitazama kidogo, kisha akaangalia chini kwenye brashi, na mimi nikasema, ehe, ameniona, ni siri yetu.

Nilimwambia Mama usiku ule tukila. Kesho yake nikawaambia wateja wangu wote, nikiwa nawasuka, hawana pa kukimbilia. "Ngojeni mvua. Nawaambia ngojeni mvua tu. Hiyo sabuni itajiosha yenyewe." Wamama walicheka. Mmoja alisema atavaa nguo mpya siku ile uso wake utakapotoka. Fundi alimaliza kazi yake, akachora mikono miwili safi yenye povu, povu zuri kabisa, ungeweza kulipuliza. Nyekundu hakukuwa hata tone. Baada ya hapo akahamisha mikebe yake, wakasema ameenda upande wa Bumala, na mimi nikaona hata hilo ni akili: anajificha kabla mambo hayajalipuka.

Mvua ikaja. Kila asubuhi nilifungua kibanda na kabla sijafagia nilitazama ng'ambo. Buluu. Mvua ikapiga ule ukuta kwa ubavu, ikapiga na mawe, mitaro ikafurika, mtu akapoteza kiatu. Buluu. Nikasema rangi nzito huchelewa.

Wale wanaume nao wakarudi kwenye njia. Walikuja polepole, mmoja kwanza, akasimama chini ya ile mikono ya povu kujikinga na mvua. Halafu wenzake. Mama alirudi nyumbani siku moja na trei tupu na ute wa yai umemkaukia shingoni na kwenye nywele. Nilimwosha mwenyewe, nikamsuka upya. Hakulia. Aliuliza tu, nikiwa nyuma ya kichwa chake:

"Nafula, hiyo mvua yako iko wapi?"

Emojong ndiye aliyeniambia. Alikuja kibandani akaegesha baiskeli, akanisalimia kwa lugha yao, yoga, akangoja mpaka mteja wangu akalipa na kwenda.

"Dada, usikasirike," akasema. "Mimi nilikuwa hapo ile siku ulienda Khunyangu. Alipiga msasa kutoka asubuhi. Alianza na mimi. Akapiga uso yangu mpaka vumbi ikamjaa ndevu. Jioni akaweka andakoti."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi. Wamama pia wengine walijua. Tukaona, wacha afurahi mpaka mvua iishe."

Nilivuka barabara na kitana changu, kile chenye mkia wa chuma. Nikakwaruza mahali ambapo jicho la Mama lilikuwa. Buluu haikuvimba wala haikubanduka. Nilikwaruza mpaka mkono ukauma, na chini ya buluu nikakuta kijivu cha andakoti, laini, kimekaa sawasawa, kazi safi. Bora ningekuta imepakwa ovyo. Bora ningejua kwamba mkono ulimtetemeka hata mahali pamoja.

Baada ya hapo kila nilipokwenda Butula au Funyula niliona kuta za buluu njiani, na herufi zimeegemea kushoto kidogo.

Mwaka huu mwenye posho mill mmoja wa Bumala, mama ninayemsuka, aliniambia nimchoree ukuta wake. "Chora chenye unataka, bora watu wajue hapa ni kwa kusaga." Nikachora gunia na debe, kumridhisha. Halafu nikachora wamama wa mayai, wakubwa kuliko kinu. Mama nikamweka wa mbele, na uso wake nikaupaka nyekundu, kwa sababu uso ndio ulionyang'anywa. Na kutoka ukingoni nikaingiza mkono ulioshika msasa, uko juu ya shavu lake, na nusu ya shavu imeshakuwa vumbi.

Nilikuwa nikikamilisha kucha za ule mkono nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa Fundi, amekonda. Alikuwa na baiskeli yenye miwa imefungwa nyuma, na hakuwa na rangi hata moja kwenye nguo. Hakusalimia. Alitazama picha kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyonifundisha kuitazama kazi, akarudi mpaka kwenye mkono.

"Huu ni wa nani?"

"Unaujua."

Kinu kilikuwa kikinguruma ndani, na unga ulitoka mlangoni ukatutua mabegani wote wawili.

"Walikutisha?" nikamuuliza. Nilitaka sana aseme ndiyo. Hata angenidanganya ningechukua.

"Hakuna mtu alinitisha. Waliniuliza, nikakubali. Tangu ile picha hakuna mwenye duka alinipatia ukuta. Waliogopa. Na nyinyi mlikuja kuangalia tu, kila siku mnaangalia."

"Sawa. Ungepaka. Lakini msasa je? Si ungeacha msasa? Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Siwezi kazi mbaya, Nafula."

"Hata kwa ajili ya Mama?"

Alisogea akaegesha baiskeli kwenye nguzo, akaja mpaka ukutani, akainamia ule mkono niliouchora karibu uso wake uguse.

"Kama ni wangu, umekosea," akasema. "Umechora wa kulia. Mimi ni wa kushoto."

Kisha akakunja shati, akainua mkono wake wa kushoto, akauweka ukutani karibu na shavu la Mama kama mtu aliyeshika msasa. Kile kidole cha kati kilikuwa kimepinda zaidi sasa. Akausimamisha hapo, akangoja.

Niliufuta ule niliouchora, nikachora huo. Nilichora mishipa na zile alama za zamani za rangi zisizotoka kwenye ngozi, na mpindo ambao brashi ililala. Mkono wake ulitetemeka kwa kuchoka, lakini hakuushusha mpaka nilipotoa brashi ukutani. Uso sikumpa, wala hakuuliza.

Akasogea nyuma, akatazama. "Hapo sawa," akasema. "Miguu ya huyu mama wa tatu pia iko sawa."

Zamani maneno hayo yangenitosha wiki nzima.

"Asante, mzee," nikamwambia.

Alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli. Akageuka, akanitazama.